Kikombe Changu Kilichotengwa

Mwisho wa wiki ya pili ya mionzi niliruhusiwa kwenda nyumbani Kericho. Nilikuta kikombe changu kimewekwa dirishani peke yake, na sahani yangu kando yake. Hakuna aliyesema neno. Walikuwa wamesikia kwamba saratani yangu, iliyoota nyuma ya pua, inahusiana na kirusi. Niliumia sana.

Nami hofu hiyo nilikuwa nayo. Miezi mitano nilitibiwa sikio lililoziba na pua iliyotoka damu upande mmoja, nikapewa antibayotiki mara tatu, hadi uvimbe ulipotokeza shingoni ndipo daktari wa masikio, pua na koo akaingiza kamera na kukata kipande kidogo cha nyama kipimwe. Majibu yalipotaja kirusi cha Epstein-Barr, nilimuuliza daktari wa Nairobi kama niache kuwabeba wanangu. Akavuta kiti, akanichorea nyuma ya kadi yangu ya kliniki. Kadi hiyo ndiyo niliyoitandaza mezani jioni ile.

Nilianza na mate. Kirusi hiki huenea kwa mate, wengi hukipata utotoni, na zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho. Hulala ndani ya seli za damu maisha yote, na walio wengi hakiwadhuru.

"Hata mimi ninacho?" Mama akauliza.

"Karibu hakika, Mama. Kabla sijazaliwa."

Dada akataka kujua kama ndicho kile cha chanjo ya wasichana iliyoanza Kenya 2019. Hicho ni HPV, kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, nikamwambia. Nacho pia huleta saratani kooni, hasa kwenye tonsili na shina la ulimi, lakini si hiki changu.

Palipokuwa pagumu ni vipokezi. Seli zetu zina protini za kutambua wageni. Ziko zinazoitwa vipokezi vya Toll: cha 3 hutambua RNA ya kirusi hiki, cha 9 hutambua DNA yake, yaani vinasaba vyake. Vikitambua, hupiga yowe, na askari wa mwili, zikiwemo seli T, huja mbio. Yowe Mama analijua. Likipigwa usiku, kijiji kizima hutoka na marungu.

"Sasa kwako hawakuja?"

Walikuja. Hilo ndilo lililonishangaza mimi mwenyewe siku ile: uvimbe wa aina yangu hujaa askari hao tele. Ila seli za saratani hubeba protini iitwayo PD-L1, nazo seli T zina kipokezi kiitwacho PD-1. Viwili hivyo vikishikana, askari hulegea. Ni kama majirani wamefika uani, mwizi akawakaribisha viti, wakaketi. Mjapani na Mmarekani waliofumbua mambo ya namna hii, Tasuku Honjo na James Allison, walipewa Tuzo ya Nobel 2018, na leo ziko dawa za kuwainua askari hao vitini.

Mama alikaa kimya akitazama ile kadi. Kisha akainuka, akaenda dirishani, akamimina uji kwenye kikombe changu, akaonja yeye kwanza. Vidonda vya mdomoni vilikuwa vimeanza na cha moto sikukiweza.

"Bado una moto," akasema, akaupoza.

Jumapili nilipanda matatu kurudi Nairobi. Nilikuwa nimeshapigwa mionzi mara 10, zilibaki 25.