Siku Niliyoimba kwa Mdomo wa Mwenzangu

Mwaka 2004 nilipanda daladala ya alfajiri kutoka Bagamoyo kwenda Mwenge, nimejitanda kanga ya mama mpaka shingoni ili upepo usinishike koo. Nilikuwa nimeitwa studio Kinondoni kuimba wimbo mmoja tu, na wimbo wenyewe niliujua kuliko njia ya nyumbani kwetu.

Ulikuwa wimbo wetu. Tuliutunga darasani, wanafunzi saba na mwalimu wetu, kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa nyimbo tulioucheza Chuo cha Sanaa mwaka uliotangulia. Ukumbi wa chuo ulikuwa umeteketea kwa moto mwaka 2002, kwa hiyo tuliigiza uwanjani, chini ya minazi, bahari ikinguruma nyuma yetu. Pale hapana kuimba kwa kujibana. Kusi ikivuma, neno usilolitoa tumboni linaangukia miguuni pako.

Mchezo ulimhusu Siti binti Saad, na Siti nilikuwa mimi. Binti wa Fumba aliyefinyanga na kuuza vyungu, akahamia mjini Unguja, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Aliimba akiwa amejifunika uso, na waliomwonea wivu walimkejeli kwamba isingekuwa sauti, angekula nini. Mwalimu alitaka na mimi niimbe mchezo mzima nimefunikwa ukaya. Nililia. Nilikuwa na miaka 22, nilitaka watu wanione.

Watu wa filamu walikuja, wakautazama mchezo, wakaupenda wimbo. Nami walinijaribu mbele ya kamera, asubuhi moja tu. Jibu lililoletwa lilikuwa kwamba sura yangu haikai vizuri kwenye picha. Nafasi akapewa dada mmoja wa Dar es Salaam. Maneno yale nilitembea nayo miezi na miezi. Nikipita mbele ya kioo nilikuwa nageuza shingo.

Wakampiga picha dada yule ufukweni kwetu, jirani na soko la samaki, akiimba kwa sauti yake mwenyewe. Walipofika studio wakagundua kwamba sauti haifiki kule juu wimbo unakopanda. Kurudi Bagamoyo na watu wote wale, taa na jenereta, fedha hazikutosha. Ndipo walipokumbuka kwamba kule kuna msichana mwenye sauti.

Niliingizwa chumba chenye magodoro yaliyogongomewa ukutani, nikavalishwa hedifoni, mbele yangu televisheni ndogo. Kazi yangu ilikuwa kuitia sauti yangu ndani ya mdomo wa mtu mwingine, silabi kwa silabi. Mtu ambaye hajaifanya atadhani ni kufuatisha midomo tu. Midomo ndiyo sehemu nyepesi. Kilichonishinda ni pumzi. Kulikuwa na neno "niliyemngojea" ambalo mimi huliimba kwa mkupuo mmoja, nikaivuta ile "a" ya mwisho mpaka inyauke yenyewe. Yeye alilikata katikati: "niliye", akavuta pumzi, halafu "mngojea", na mdomo akaufumba mapema. Kila nikifika hapo, fundi mitambo ananyanyua mkono nyuma ya kioo. "Dada, umepitiliza." Tunarudia. "Sasa umemwahi." Tunarudia. Nikipatia pumzi, wimbo unakufa. Nikiimba vizuri, yule kwenye televisheni anaonekana kama anatafuna.

Saa saba mchana mlango ukafunguliwa akaingia yeye mwenyewe. Nilimtambua kabla hajanisalimu, nimeshinda na uso wake tangu asubuhi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuja akijua amekuja kusikiliza wimbo wake. Alikaa kwenye stuli kando ya fundi, mkoba mapajani, akanisikiliza nikikosea mara mbili. Hasira niliyokuwa nimemwekea mwaka mzima sikujua niitie wapi, maana uso wake ulikuwa umesawijika.

Kisha akauliza kama anaweza kuingia ndani.

"Pale wimbi lilinipiga miguuni, dada," akaniambia. "Maji yalikuwa ya baridi, nikashtuka. Ndiyo maana nikakata."

Basi. Kumbe ile haikuwa pumzi ya mwimbaji aliyeishiwa. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyeguswa na maji. Nilivua viatu nikasimama peku kwenye sakafu ya saruji, naye akasimama mbele yangu, akawa anaufungua na kuufunga mdomo bila sauti kama alivyofanya ufukweni. Sikuitazama tena televisheni, nilitazama koo lake. Lilipopanda nikavuta pumzi nalo. Tulirudia mara mbili, fundi akasema inatosha. Dada yule akanishika mikono yote miwili, hakusema neno, akatoka.

Mwaka 2016, alipofariki Marni Nixon kule New York, nilisoma habari zake nikalazimika kuiweka simu mezani. Mwimbaji wa michezo ya jukwaani, aliyewaimbia waigizaji Deborah Kerr, Natalie Wood na Audrey Hepburn kwenye filamu za miaka ya 1956, 1961 na 1964. Kwa Natalie Wood kazi ilikuwa kama yangu: picha zilikwisha kupigwa, naye Marni akalazimika kuifuata midomo ambayo imeshafanya ilichofanya. Uso wake ulionekana kwenye sinema mwaka 1965, akiwa mtawa katika The Sound of Music. Mimi nilisubiri miaka mitatu kabla kamera haijakubali kunitazama, na tangu hapo nimeigiza sana, lakini kila mwongozaji akiniambia nilie au nishtuke, huwa natafuta kwanza lile wimbi liko wapi.

Filamu ilioneshwa Bagamoyo mwaka 2005, usiku, juu ya shuka jeupe lililotundikwa uwanjani. Jina langu halikuwamo katika orodha ya mwisho, na mama nilikuwa sijamwambia chochote zaidi ya kwamba nilikwenda mjini kurekodi. Alikaa mkekani na wanawake wenzake wa mtaani. Dada akatokea ufukweni, akafungua mdomo. Nikamwona mama amenyoosha shingo, akamtazama yule binti, akageuka akanitazama mimi.

Wimbo ule aliujua. Mwaka mzima nilikuwa nikiufanyia mazoezi uani, yeye akitwanga na kuniitikia. Wa filamu waliukata ule mwitikio, mwimbaji yuko peke yake. Mama akaanza kuitikia, taratibu, pale pale mkekani. Jirani yake akadaka. Wimbo ulipofika "niliyemngojea", safu nzima ya mbele ilikuwa inaitikia, na aliyekuwa na projekta akaipunguza sauti kidogo ili wasikike.