Si paa lililomtia wasiwasi mkaguzi
Juma lililopita niliandamana na mkaguzi aliyekuja kutathmini hatari ya asbesto, madini ya nyuzi laini ambazo zikivutwa pamoja na hewa hudhuru mapafu, katika jengo letu la zamani, nami nilitarajia kwamba paa ndilo lingemshughulisha zaidi. Alilitazama kwa muda mfupi tu, kwa kuwa nyuzi zilizoshikwa na saruji ngumu isiyopasuka haziruki hewani kwa urahisi. Kilichomkawiza ni tabaka la kuhifadhi joto lililozungushiwa bomba la maji moto, ambalo lilikuwa limechakaa na kumeguka likiguswa. Alililowesha kwanza, kisha akachukua kipande kidogo cha kupimwa maabara, maana macho pekee hayathibitishi asbesto. Nami, nakiri kwa aibu, nimewahi kufagia vumbi lake likiwa kavu. Chumba kimefungwa hadi majibu yatoke.