Tafakari ya Ijumaa: Kipando kinachoitwa "inasemekana"

Asalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh ndugu zangu, wiki hii nawaandikia jambo langu mwenyewe na bado linaniuma.

Msimu huu wa korosho nimepeleka gunia tatu ghalani pale chama cha msingi, huku Tandahimba. Nyumbani kijana alipima akaandika kwenye daftari kilo 212, karani wa ghala kapima akaandika 204. Nikachukua risiti nikaondoka kimya, sikuomba ipimwe tena wala sikuuliza. Ila jioni baada ya magharibi tuko kibarazani na kahawa nikasema "inasemekana kuna kilo zinaliwa pale." Yani sikusema nimeibiwa, nimesema inasemekana. Nani kasema? Hakuna, nilikua mimi peke yangu na daftari langu.

Hebu tuliangalie hilo neno jamani. Inasemekana halina mwenyewe, ukiligeuza huku na huku humuoni msemaji, na "inadaiwa" ni vilevile, "nasikia" kidogo ina mtu lakini ni mwenye sikio tu, mwenye mdomo hayupo. Kuna hadithi kwenye kitabu cha Abu Dawud, Mtume swalallahu alayhi wasalam anasema kipando kibaya cha mtu ni "za'amu", yani wamedai, wanadai watu. Kipando! Maana mtu anakipanda kinamfikisha anapotaka alafu anashuka, miguu yake haina vumbi. Mimi nilikipanda jioni ile, asubuhi ya pili nikakutana na maneno yangu njiani kwa mtu ambae hata kibarazani hakuwepo, na lile inasemekana limeshadondoka, ananambia "karani anakula kilo zetu." Ndivyo inavyokua, wa kwanza anasema inasemekana, wa pili anasema eti, wa tatu anasema kala.

Na Allah katuita kwa imani yetu kabisa, Suratul Hujurat aya ya 12, enyi mlioamini jiepusheni sana na dhana, hakika baadhi ya dhana ni dhambi. Dhana, neno hilohilo tunalolitumia sisi kila siku, tumelipokea kutoka Kiarabu na tumelizoea mpaka tunaona ni kitu chepesi, "ni dhana tu." Aya ya 6 ya sura hiyohiyo inasema akikujieni fasiki na habari ichunguzeni, msije mkawadhuru watu kwa kutojua mkawa wenye kujuta. Hapo kwenye kujuta ndipo nilipo.

Mnakijua kisa cha mama yetu Aisha radhiyallahu anha mke wa Mtume, alipobaki nyuma ya msafara akitafuta kidani chake, watu Madina wakamzushia zinaa wakayasema mwezi mzima mpaka ziliposhuka aya za Suratun Nur. Katikati ya hayo Mtume alimuuliza mkewe Zaynab bint Jahsh habari za Aisha. Huyu ni mke mwenza, na ndie aliekua akishindana na Aisha kwa cheo mbele ya Mtume, tena dada yake Hamna alikua miongoni mwa waliokua wakiyaeneza, kwaiyo angetaka kuongeza neno moja asingekosa sababu. Akajibu, mimi nalinda sikio langu na jicho langu, wallahi sijui kwake ila kheri. Mimi karani hajawahi kunikosea hata siku moja na sikuweza kusema hivyo.

Sasa wiki tatu baadae mama watoto yuko uani anaanika korosho za mwisho, anachukua kiganja anatikisa sikioni kwake, ananambia hizi bado hazijalia, zile za kwanza pia alipozitikisa zilikua kimya, zilikua zimenyeshewa, kwaiyo alizimwaga tena kwenye turubai siku tatu ndio akajaza upya. Nikamuuliza mama watoto, kijana alipima lini? Akasema kabla hajazimwaga tena. Mimi siku hizo nilikua sipo. Ndugu zangu zile kilo nane zilikua maji, zilikaukia uani kwangu mwenyewe, na mzee mzima mkulima wa korosho miaka yote hii najua korosho ikikauka inapungua uzito.

Nilienda kwa karani baada ya swala ya alasiri. Kumbe alikua ameacha kuja kukaa kibarazani, nilikua sijaona. Nikamueleza yote, akanyamaza sana alafu akasema "kaka, mzani ulikua pale pale, ungeniambia tupime tena tu." Kanisamehe, Allah amlipe.

Lakini maneno hayako kwake, yako kwa watu. Kibarazani jioni ile nilikua na wenzangu sita, nimeshawafuata watatu nimewaambia mimi ndie niliesema na nilisema uongo, mmoja kasafiri Newala, wawili nitawafuata kesho inshallah, na yule niliekutana nae njiani asubuhi namtafuta anitajie na yeye aliwaambia kina nani. Niombeeni dua.