Landrova yangu ya 110: nilivyokataa injini ya Toyota nikafunga 200Tdi

Ukiwa na Landrova ya zamani ambayo injini imechoka, kila utakayemuuliza atakujibu: "Funga ya Toyota, upumzike." Nilijibiwa hivyo gereji, nikajibiwa hivyo kwa muuza spea, nikajibiwa hivyo hata msibani. Sikufuata. Nimefunga 200Tdi, dizeli ya turbo ya Landrova wenyewe, na msimu huu wote wa vitunguu gari linatoka Mang'ola na mzigo, linapanda hadi Karatu, na halijachemsha hata mara moja. Naandika kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani anakaribia kukata chesisi yake kwa ushauri uleule.

Gari lenyewe ni la mwaka 1986. Chesisi ni nzima, bodi limegongwagongwa lakini liko imara. Lilikuja na ile dizeli ya 2.5 isiyo na turbo, ambayo hata ikiwa mpya kabisa ilikuwa na nguvu ya farasi 68 tu. Kwa mizunguko ya mjini inatosha. Kwa magunia ya vitunguu, vumbi la Mang'ola na ule mwinuko wa kutoka bonde la Ziwa Eyasi, ilikuwa ni gia namba mbili, mguu chini, jicho kwenye geji ya joto. Mwisho ikawa inakunywa oili na kutoa moshi wa bluu. Fundi akafungua, akapima, akasema silinda zilishachongwa huko nyuma hadi kipimo cha mwisho, kwa hiyo njia iliyobaki ni kuvisha silivu. Ukijumlisha silivu, pistoni, ringi, beringi na kuchonga krenki, hela inakaribia ya injini nyingine ya mtumba, na baada ya hapo unabaki na farasi walewale 68.

Sasa hiyo Toyota. Wanaoishauri hutaja 3L, 1KZ au 1HZ. 3L ni injini ya Hilux na Hiace, spea zake zipo hadi vijijini, sina neno nayo. Lakini ni 2.8 isiyo na turbo, na mlimani na mzigo nisingeona tofauti ya kunifaa. 1KZ ina nguvu, ila hedi yake inajulikana kwa kupasuka ikichemsha, na mimi naendesha mahali ambapo joto ndilo adui namba moja. 1HZ ni injini ya kuheshimiwa, silinda sita, lita 4.2, na ndani ya Mkonga, ile Land Cruiser, inafanya kazi iliyotengenezewa. Kwenye Landrova ni ndefu, ni nzito puani, na inabidi ukate ndipo ikae.

Ambalo hawakuambii ni la katikati: pale injini inapokutana na gia boksi. Toyota na Landrova hazishikani, kwa hiyo inachongwa pleti ya kuziunganisha. Pleti hiyo ikikaa upande hata kidogo sana, shafti ya gia boksi inazunguka kwa kupinda, beringi inakufa na klachi inaliwa. Jamaa mmoja ninayemfahamu hapa Karatu alichongewa ya kukadiria kwa macho. Gia boksi ikaanza kulia, klachi ikaisha, wakashusha injini, wakachonga upya, wakapandisha, ikalia tena. Spea za injini yake kweli zilikuwa rahisi. Kilichommaliza ni kushusha na kupandisha, na kila kushusha ni hela ya fundi na gari limelala wakati vitunguu vinaoza.

200Tdi ilianza kwenye Landrova Discovery mwaka 1989, ikaingia kwenye Defender, ndilo jina jipya la 110 kama yangu, mwaka 1990. Imetokana na ukoo uleule wa 2.5 niliyokuwa nayo, na ndiyo maana ile ya Defender inakaa kwenye mauntingi zilezile na inashika gia boksi ileile ya LT77. Hakuna pleti, hakuna kuchomelea. Ina farasi 107. Halafu dizeli inapulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, siyo kwenye kichumba cha pembeni kama 3L na 1HZ, kwa hiyo joto linaloishia kwenye maji ni kidogo na mafuta yanaenda mbali zaidi. Kwangu hilo la joto lilitosha kumaliza mjadala.

300Tdi ya mwaka 1994 nayo ni nzuri, imetulia zaidi, farasi 111, lakini mauntingi zake ni tofauti, na za mwanzoni zilisumbua taimingi belti, ilikuwa inahama na kulika pembeni. Td5 ya mwaka 1998 nilishauriwa na kijana mmoja kwa bidii sana. Inaendeshwa kwa kompyuta. Ikizima pale Mang'ola, nani ataisoma?

Kutafuta ndiko kulikokuwa na kazi. Yadi moja Dar walinipigia simu kwamba wanayo "200Tdi ya Defender, safi, imetoka nje juzi". Nilipofika ilikuwa imepigwa rangi nyeusi inang'aa, juu ya tairi, betri imeshafungwa, dizeli iko kwenye galoni. "Bosi, piga stata mwenyewe usikie." Nikaweka mkono kwenye bloku kwanza. Ya moto. Injini ya dizeli iliyochoka huwa inaficha ugonjwa wake ikishapashwa, na yule aliipasha kabla sijafika. Nikamwambia nakwenda kunywa chai, nitarudi ikipoa. Akasema kuna mteja mwingine yuko njiani na hela mkononi.

Nikaitazama turbo. Kwenye 200Tdi ya Defender turbo inakaa juu ya manifoldi, unaiona ukiwa umesimama. Hii ilikuwa imejificha chini. Ni ya Discovery hiyo, na ukiitupia kwenye 110 kama ilivyo, turbo inagombana na chesisi. Ndani ni injini ileile na ukipata manifoldi za Defender unaitumia vizuri tu, lakini basi iuzwe kwa bei ya Discovery. Nilipomwonyesha akasema "zote ni moja, bosi". Nikaondoka, na yule mteja wa njiani sikumwona akiingia.

Ile niliyonunua niliipata Arusha, kwa mtu aliyekuwa anachinja gari lililopinduka. Nilikwenda na fundi wangu asubuhi kabla ya muda tuliopatana, tukakuta bloku baridi kabisa. Ikawaka kwa mizunguko michache, moshi kidogo, ukakata. Fundi akafungua mfuniko wa oili, akaugeuza juu chini, akauweka juu ya tundu lake bila kuufunga. Pumzi ya pistoni ikiwa inavuja, mfuniko unarukaruka au unatupwa. Huu ulitetemeka kidogo ukatulia. Kisha akapapasa kitundu cha chini ya kava la taimingi, kile cha kuchuruzisha maji. Kidole kikatoka kikavu. Kingetoka na oili, maana yake sili ya mbele ya krenki inavuja na belti inaogea oili humo ndani.

Lakini kipimo kilichonifurahisha zaidi ni cha gasketi ya hedi. Rejeta hakuna, utajuaje kama hedi ni nzima? Tulivua fenibelti ili pampu ya maji isizunguke, tukaziba matundu ya mipira, tukajaza bloku maji hadi yakafika juu kwenye nyumba ya thamostati, wazi kabisa. Halafu tukawasha kwa muda mfupi tu. Tumeinama wote watatu, muuzaji naye yumo, tunaangalia maji. Hedi iliyopasuka au gasketi iliyoungua inapuliza mapovu pale pale. Maji yalitikisika kwa mtetemo wa injini, povu hata moja halikupanda. Nikatoa hela.

Kama milioni tano hivi, na kabla ya kulipa nilidai karatasi za injini, maana namba yake iko kwenye kadi ya gari na taarifa za TRA lazima zibadilishwe. Nilichukua pia rejeta yake, intakula (kipoza hewa ya turbo), mipira yote mikubwa ya hewa na kopo la eafilta. Usikubali kuuziwa injini tupu ya turbo halafu uanze kuokoteza hivyo vitu kimoja kimoja, utalia. Taimingi belti na tenshena tulifunga mpya injini ikiwa bado chini, kwa sababu belti ya hii ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Vitabu vina kilomita zake za kuibadilisha, mimi kwa vumbi hili nazikata nusu. Kuifunga kwenyewe hakuna hadithi. Iliingia.

Sasa wameanza tena: niweke transfa ya Discovery (boksi dogo linalofuata gia boksi), ile ya uwiano mrefu wa 1.2, nikimbie kwenye lami ya Arusha. Kwa anayebeba abiria lami tupu ni ushauri mzuri. Mimi naanza kupanda na magunia nikiwa nimesimama, kwa hiyo yangu fupi inabaki humo humo.