Shoti inaanza asubuhi

Aliyewahi kukaa dirishani benki anazijua zile jioni ambazo mlango umeshafungwa na kila keshia anahesabu droo yake. Aliyebalansi anaanza kupiga soga na mlinzi. Mwenye shoti, yaani pesa za droo zimepungua kuliko hesabu, anahesabu tena. Anapekua hati za kutolea pesa moja moja, anamwaga kapu la taka, anatoka jasho na kiyoyozi kinavuma. Mimi ni msimamizi wa makeshia hapa Dar es Salaam, kwa hiyo jioni kama hizo huwa nimesimama pembeni yake tunahesabu wote.

Shoti nyingi nilizofuatilia zilishaonyesha dalili kabla hata ya saa sita mchana, na dalili zenyewe zilikuwa usoni na mikononi mwa mtu.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, mishahara ya watumishi imeingia. Kwenye kile kikao kifupi cha kusimama kabla ya kufungua milango, meneja tuliyekuwa naye wakati huo alimsema binti mmoja mbele ya wote kwa sababu ya lalamiko la mteja. Alimsema kwa ukali, walinzi wanasikia, dada wa usafi anasikia. Binti akajibu, "Samahani bosi," akaenda kufungua dirisha lake.

Huyu binti ana mkono wa sifa. Anagusa sponji yenye maji, noti zinapita chini ya kidole gumba huku akimuuliza mteja habari za nyumbani, na hesabu inatoka sawa. Siku hiyo alirudia bunda lile lile kwa mkono, halafu akalipeleka kwenye mashine, halafu akalirudia tena. Alimuuliza mzee wa pensheni namba ya akaunti, mzee akamtajia, akamuuliza upya. Mabega yalikuwa yamepanda karibu na masikio. Nikamsogelea: "Mdogo wangu, uko sawa?" Akasema, "Niko sawa, dada," bila kugeuka. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mama mmoja alishaanza kulalamika kwa sauti kwamba makeshia wa siku hizi wana nyodo.

Jioni ikakosekana shilingi 500,000. Kwa mtu wa kaunta, kiasi hicho kinajieleza. Bunda ni noti 100: za elfu kumi ni milioni, za elfu tano ni laki tano. Alitoa bunda jekundu la elfu kumi mahali pa bunda la zambarau la elfu tano. Rangi hizo hata mtoto anayetumwa dukani anazitofautisha! Lakini tangu asubuhi kichwa chake kilikuwa bado kimo kwenye kile kikao, kinajibu maneno ambayo mdomo haukuruhusiwa kujibu. Macho yalikuwa kwenye pesa, yeye hakuwepo. Namshukuru Mungu mteja alikuwa mfanyabiashara tunayemfahamu. Alipopigiwa simu bunda lilikuwa bado halijafunguliwa, akalirudisha.

Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua njia sahihi kwa kuwatia umeme walipokosea. Pale ambapo tofauti ya kutambua ilikuwa wazi, umeme mkali uliwafanya wajifunze haraka zaidi. Pale ambapo ilikuwa ya kuangalia kwa makini, umeme mkali uliwachelewesha, na ule wa wastani ndio uliowasaidia. Kuhesabu pesa za watu huku foleni inanung'unika ni kazi ya kuangalia kwa makini. Hofu kidogo inamweka keshia macho. Ikizidi, inamnyang'anya umakini ule ule ambao bosi anaudai kwa kufoka.

Na hizo nyodo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoeleza hali ya kuchoshwa na kazi kupita kiasi, lilitaja mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yenyewe kwa moyo uliokauka, na kuona huna tena ufanisi. Hilo la pili ndilo mteja analiona dirishani na kuliita dharau. Nimeona makeshia wachangamfu kabisa wakiishia kujibu "Subiri" na "Mwingine" kutwa nzima, na nyumbani wanafoka watoto wakiwasalimia tu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano. Hata hasara aliyoisababisha haikatwi kienyeji: aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Makeshia wengi vijana hawalijui hili, wanadhani shoti moja itameza mshahara wote, na wanahesabu pesa na wazo hilo kichwani.

Kwenye timu yangu, lalamiko la mteja linasubiri mpaka mahesabu yafungwe, na tunazungumza wawili, tumekaa. Asubuhi nazungukia madirisha nikisalimia, na salamu ya mtu inanitosha kujua. Mwenye mgonjwa nyumbani au aliyetoka msibani namweka dawati la nyuma apange hati, mwingine ashike dirisha. Ninachobishania sasa na uongozi ni chakula cha mchana mwisho wa mwezi. Wanasema foleni haiwezi kusubiri. Nimewapelekea ratiba ya kupokezana, dirisha moja linafungwa kwa zamu, na nimeiambatanisha na orodha ya shoti zetu na saa zilipotokea. Nyingi ni za baada ya saa nane mchana, kwa watu ambao hawajala.