Ngapi?

Saa tisa usiku. Kipimo cha sukari ya damu kimesoma 3.1, na chini ya 4 ni hatari. Nimemwamsha binti yangu mwenye kisukari, nimemnywesha glukosi niliyoikoroga kikombeni, sasa tunasubiri dakika 15 nimpime tena. Kaniegemea begani, gauni la kulalia limelowa jasho, anasinzia. Mimi naandika haya kwenye simu ili nisilale kabla yake.

Kosa ni langu. Jana aliporudi shule alivua viatu mlangoni, akasema, "Shikamoo mama. Kumi na moja nukta nne." Yaani salamu na sukari kwa pumzi moja. Nikaitikia, "Marahaba, mbona juu?" Shati lake halikuwa na kifungo cha juu, sikuuliza. Akaenda kucheza rede mpaka magharibi, na usiku mimi, kwa kuikimbiza ile kumi na moja, nikamwongezea uniti moja ya insulini, dawa ya sindano inayoshusha sukari. Mchezo nao hushusha sukari, hata saa nyingi baadaye. Hilo nalijua. Nilifundishwa kliniki, nikaliandika kwenye daftari kwa mkono wangu.

Mwaka juzi, akiwa na miaka 7, alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Akarudia kukojoa kitandani. Nilimgombeza. Nilimwambia mtoto mkubwa mzima, huoni aibu? Maneno hayo bado yananiwasha. Nyuma ya nyumba, pale alipokuwa akichuchumaa usiku, sisimizi walijipanga mstari kufuata sukari ya mkojo, na bado sikuelewa. Alikonda mpaka sketi ya shule ikawa inafungwa kwa pini. Jirani akasema minyoo. Zahanati wakatupa dawa za malaria. Usiku wa nne akaanza kutapika na kuhema kwa nguvu kama aliyekimbizwa, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Hospitalini nesi alimtoboa kidole, kipimo kikaandika HI. Msinicheke, nilidhani kinatusalimia. Nesi akaniambia, "Mama, sukari imepanda hadi mashine imeshindwa kuisoma."

Halafu yakaja ya watu. Ulimzoesha pipi. Ulimpa soda angali mdogo. Bibi yake upande wa baba alitangaza kwamba ukoo wao hauna sukari, maana yake niangalie kwetu. Nimechoka kueleza: kinga ya mwili wake mwenyewe iligeuka ikashambulia zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Si pipi. Si mkono wa mtu. Bila sindano hawezi kuishi, na hakuna mzizi wala maji ya dua yanayokaa mahali pa sindano. Dua naomba, lakini sindano kwanza.

Insulini yenyewe nayo ni mtoto wa pili wa kulea. Sina friji. Mwanzoni niliiweka kwa jirani mwenye duka, siku moja ikasogezwa karibu na barafu, ikaganda. Iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Nililia dukani kwa watu mbele ya soda baridi. Sasa natumia vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga ninaoumwagilia asubuhi na jioni. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Hapa Tanga, msimu wa kaskazi, chungu kile ndicho chenye ubaridi kuliko kitu chochote nyumbani mwangu.

Usiku kama huu humkumbuka Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 wa Toronto, mtu wa kwanza kuchomwa insulini, Januari 1922. Kabla ya hapo watoto wenye ugonjwa huu walinyimwa chakula ili wasogezewe siku tu. Sindano ya kwanza haikumsaidia sana, dawa haikuwa safi. Wakaisafisha, wakamchoma tena baada ya siku 12, sukari ikashuka. Watu husimulia sindano. Mimi nawaza zile siku 12, na nani alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake.

Dakika zimetimia. Nimempangusa kidole, nimetoboa ubavuni mwa ncha, pasipouma sana. Hajashtuka. Vidole vyake vina vidoadoa vyeusi, nikivishika gizani navijua.

5.6.

Nimempa kipande cha mkate ili isishuke tena. Anakitafuna macho yamefumba. Kabla hajageukia ukutani ameniuliza, "Ngapi?"

"Tano nukta sita."

"Haya."

Amelala. Kukikucha nitamwuliza kifungo kilidondokea wapi.