Rada ya Mzee baada ya skrini kufa

Skrini ya usukani ilikufa kwa chumvi msimu wa kusi. Rada yenyewe, aina ya BR24 ambayo mabaharia wetu wameibatiza sufuria, ilikuwa nzima juu ya paa la boti. Mzee, nahodha wetu hapa Kilifi, akasema tuing'oe, maana bei ya skrini mpya ingemeza mapato ya safari nyingi za wageni. Nikamwomba wiki moja.

OpenCPN, programu huria ya ramani za bahari, ina programu-jalizi iitwayo radar_pi inayoweza kuiamrisha rada hii bila skrini ya kiwandani. Nikanunua Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, nikakata plagi ya waya uliokuwa ukienda kwenye skrini, nikabana kichwa cha RJ45, plagi ya kawaida ya waya wa mtandao. Kimya. Siku mbili nahangaika na kompyuta, kumbe ni umeme: kisanduku cha rada kina waya wa njano wa kukiamsha, na kazi hiyo ilikuwa ya skrini iliyokufa. Nikauunga na ule mwekundu kupitia swichi. Sufuria ikaamka.

Tatizo la pili lilikuwa Wi-Fi. Niliweka ruta botini, nikafungua OpenCPN kwenye laptopu nikiwa gatini. Picha ikaja na mapengo, kama mkate ulioguguniwa na panya. Nikapiga hesabu: mzunguko mmoja una mistari 2,048, kila mstari baiti 536, na mizunguko ni 24 kwa dakika. Hiyo ni karibu megabiti 3.5 kwa sekunde. Rada huimwaga data yote hiyo kwa multikasti, yaani kwa wasikilizaji wote kwa mpigo mmoja, na ruta nyingi hurusha multikasti hewani kwa kasi ya chini kabisa, mara nyingi megabiti 1 tu. Pipa zima haliingii chupani.

Basi nikaacha kurusha data hewani. OpenCPN sasa iko kwenye Pi, Pi imeungwa na rada kwa waya, nami naitazama skrini yake kutoka kwenye tableti kwa VNC, programu ya kuona skrini ya kompyuta nyingine kwa mbali. Picha huchelewa kidogo, lakini nikipunguza masafa kutoka maili 1 hadi robo, rada inatii. Dira ya kielektroniki ya kuiambia programu boti imeelekea wapi hatuna, kwa hiyo siwezi kuilaza picha juu ya ramani.

Rada hii hutaka kukumbushwa kila mara kwamba kuna anayeisikiliza, la sivyo hujilaza. Sasa anayeikumbusha ni Pi, si tableti yangu. Hata nikiondoka, yenyewe inazunguka tu. Nililigundua hilo asubuhi moja, betri iko chini na Mzee amenikunjia uso. Wati 17 si nyingi, ila usiku ni mrefu. Siku hizi nimeipanga rada irushe mawimbi kwa muda mfupi, kisha ipumzike.

Jana usiku tuliingia nayo kwenye mkono wa bahari wa Kilifi. Daraja lilikaa kama mstari mnene, limekata maji toka ukingo hadi ukingo. Ngalawa tuliyoisikia ikipiga kasia haikuonekana hata kidogo, mpaka nilipopunguza kichujio kinachofuta mwangwi wa mawimbi ya bahari. Ikatokea doa hafifu, lipo, halipo. Mbao hazirudishi mwangwi kama chuma.

Mzee aliitazama kidogo, akarudisha macho majini.

"Punguza mwanga wa hicho kibao, mwanangu. Kinanipofusha."